Namna ya kuandaa onyesho la piano la mtu mmoja Dar es Salaam

Mpiga piano anayetaka kutoa onyesho la peke yake hapa Dar kwa kawaida huanza na vipande. Nipige Chopin gani? Nianze na Bach au nimalizie naye? Maswali mazuri, ila yamekuja mapema. Katika jiji hili piano nzuri ni chache, mafundi wa kuzitunza ni wachache zaidi, na hewa ya bahari haimsubiri mtu anayeacha mambo hadi wiki ya mwisho. Piano utakayoipata na ukumbi utakaokuwa nao ndivyo vitakavyokuambia upige nini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia huko, na vipande vinafuata.

Jipe miezi mitatu. Ukiwa tayari na vipande vilivyokomaa mikononi unaweza kupunguza kidogo, lakini fundi, ukumbi na vibali havifupishwi na kipaji chako.

Jambo moja la historia linafaa kukumbukwa kabla ya yote. Mtindo wa mtu mmoja kukalia jukwaa jioni nzima, bila mwimbaji wala okestra, si wa kale kama tunavyodhani. Franz Liszt aliujaribu Roma mwaka 1839, na mwaka uliofuata akaupeleka London, ambako watu walishangaa kuona tangazo lenye jina la mpiga piano peke yake. Kabla ya hapo mpiga piano alipangwa katikati ya waimbaji na wapiga fidla. Mtindo huu ulitungwa na mtu kwa ajili ya wasikilizaji wa wakati wake, nawe una haki ya kuupanga kwa ajili ya wasikilizaji wa Dar.

Kwanza: piano iko wapi?

Anza kwa kuzunguka. Kuna makanisa ya zamani ya katikati ya jiji, kuna kumbi za vituo vya utamaduni kama Alliance Française kule Upanga, kuna jukwaa la Little Theatre kule Oysterbay, kisha kumbi za shule na hoteli. Usipige simu tu. Nenda, kaa, sikiliza.

Azania Front, kanisa la Kilutheri pale Kivukoni ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, na Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ni majengo yenye dari za juu na kuta ngumu. Katika majengo ya namna hiyo sauti hukaa hewani. Kwaya inapendeza mno, lakini fuga ya Bach, kipande ambamo sauti kadhaa zinapokezana wimbo mmoja, ikipigwa haraka na pedali nyingi hugeuka uji. Ukumbi mdogo wenye zulia, mapazia na viti vya vitambaa hufanya kinyume chake: sauti inakatika mara tu unapoinua kidole, kila kosa linasikika, na kipande cha taratibu kinadai pedali zaidi. Piga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu, usikilize mlio unachukua muda gani kufa. Kumbuka pia kwamba watu wakijaa, miili na nguo zao zitameza sehemu ya sauti hiyo.

Tazama juu. Kama paa ni la mabati yasiyo na dari nene, mvua ya dakika tano itafunika kila kitu ulichokipanga kupiga kwa sauti ya chini. Tazama nje pia. Kituo cha bodaboda kikiwa chini ya dirisha, au jenereta la jirani likiwa upande wa jukwaa, ukumbi huo si wako hata kama ni wa bure.

Sasa piano yenyewe. Piano ina funguo 88 na nyuzi zaidi ya 200, na jumla ya mvuto wa nyuzi hizo kwenye fremu ya chuma hufikia karibu tani 20. Ikikaa miaka katika joto na chumvi ya pwani bila kuguswa, kitu fulani kitakuwa kimelegea, kimevimba au kimeshika kutu. Kaa na daftari na uikague hivi:

Piga kila ufunguo peke yake, kuanzia wa kushoto kabisa hadi wa kulia kabisa, mara moja kwa sauti ya chini sana na mara moja kwa nguvu. Andika unaokwama, unaochelewa kurudi, unaolia hata baada ya kuuachia. Kisha piga ufunguo uleule kwa kurudia haraka kwa vidole vitatu vinavyopokezana. Kisha kanyaga kila pedali polepole na usikilize kama kuna mlio wa chuma au mbao. Mwisho piga noti ya A iliyo juu ya C ya katikati, uilinganishe na programu ya kutuni kwenye simu. Inatakiwa iwe hezi 440. Ikiwa iko chini kwa karibu nusu toni, fundi hawezi kuipandisha salama kwa siku moja: ataivuta kwanza kwa ujumla, aiache itulie, halafu airudie kwa umakini baadaye. Nyuzi zenye kutu zinaweza kukatika katika kazi hiyo. Hili ni jambo la kulijua miezi mitatu kabla, si siku tatu kabla.

Kama ni piano ya kusimama, ile ambayo nyuzi zake zimesimama wima, elewa mipaka yake. Mwaka 1821 ulisajiliwa utaratibu wa Sébastien Érard unaouwezesha ufunguo wa piano ya kulala kupigwa tena kabla haujapanda hadi juu. Piano ya kusimama kwa kawaida haina utaratibu huo, kwa hiyo vipande vyenye noti moja inayorudiwa kwa kasi kubwa vitakuaibisha ingawa umevifanyia kazi vizuri. Pedali ya kushoto nayo ni tofauti. Katika piano ya kulala inasogeza nyundo pembeni na kubadili rangi ya sauti, ilhali katika ya kusimama inasogeza tu nyundo karibu na nyuzi ili sauti ipungue. Ukiwa na piano ya kusimama, acha Ravel wa mbwembwe na upige Schubert. Utapata jioni nzuri zaidi.

Na kama piano ya nyuzi haipatikani kabisa? Maoni yangu ni kwamba kinanda kizuri cha umeme, chenye funguo 88 zenye uzito na pedali inayohisi nusu kanyago, ni bora kuliko piano ya nyuzi iliyokufa. Usikiunganishe kwenye spika kubwa za harusi zilizo kwenye kona za ukumbi, kwa sababu sauti itatoka mahali ambapo wewe hupo. Weka spika mbili nyuma yako, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na uwe na betri ya akiba ya kukihimili kinanda umeme ukikatika.

Kuhamisha piano kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine ni suluhisho la mwisho. Piano ya kulala ya ukubwa kamili ina uzito wa karibu kilo 500 na urefu wa karibu mita 2.7. Inavuliwa miguu na pedali, inafungwa blanketi, inalazwa kwenye ubavu wake ulionyooka, na ikifika inahitaji siku kadhaa za kutulia kabla ya fundi kuigusa. Watu wa kubeba makabati hawatoshi, hata wawe na nguvu kiasi gani.

Tarehe, saa, na masikio ya jiji

Kipindi bora ni kuanzia Juni hadi Septemba. Kipupwe kinaleta hewa yenye ubaridi kidogo na ukavu kidogo, na piano inatulia. Masika, Machi hadi Mei, yana matatizo mawili kwa pamoja: unyevu unaovimbisha mbao, na mvua inayoweza kujaza maji Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro, nusu ya wasikilizaji wako wakabaki upande wa pili. Desemba hadi Februari joto ni kali na vidole vinateleza kwa jasho. Angalia pia kalenda ya Ramadhani, wiki ya Pasaka, na mechi ya Simba na Yanga.

Saa ya kuanza inahitaji akili zaidi ya tarehe. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kulingana na mwezi, na adhana ya Isha hufuata kama saa moja na robo baadaye. Ukianza saa 1:00 usiku, Magharibi imeshapita na walioswali wana nafasi ya kufika, na nusu ya kwanza yenye dakika 30 hivi itakwisha karibu na Isha. Pata ratiba ya swala ya msikiti ulio jirani na ukumbi kwa tarehe yako hasa, halafu pima urefu wa nusu ya kwanza ili mapumziko yaangukie hapo. Kupiga noti za chini sana huku adhana ikisikika ni kuwanyima wasikilizaji vyote viwili, na ni kukosa adabu kwa jirani.

Foleni itachelewesha watu. Hilo halina mjadala, kwa hiyo lipangie nafasi kwenye programu, kama utakavyoona hapa chini.

Vibali na fedha

Onyesho la kiingilio lililo wazi kwa umma lina taratibu zake. Fika BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mapema uulize kibali kinachohitajika, na upite kwa afisa utamaduni wa manispaa. Kuhusu haki za watunzi, ofisi ni COSOTA, ile ya hakimiliki. Bach, Beethoven, Schubert, Chopin na Debussy walishafariki muda mrefu, kazi zao ni huru, na nota zake zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Watunzi wa karibuni ni jambo jingine: nunua nota zao na uulizie ruhusa. Mpiga piano anayetoka nje ya nchi ana mambo ya uhamiaji pia, na mwenyeji wake ndiye wa kuyaanza.

Gharama kubwa ni ukumbi na fundi. Usimpunje fundi ili upate mabango mazuri. Kiingilio kikusanywe kwa lipa namba kabla ya siku yenyewe, ujue idadi ya viti, na ubakize vichache vya mlangoni.

Kupanga vipande

Hapa ndipo utamu ulipo. Umeshajua piano yako inaweza nini na ukumbi unafanya nini na sauti. Sasa unatafuta muziki wa kama saa moja, usizidi dakika 65, ukigawanywa na mapumziko. Wasikilizaji wetu wengi wamelelewa na kwaya, muziki wa dansi, taarabu na bongo fleva. Masikio yao yana uzoefu mkubwa wa sauti, ila wengi hawajawahi kukaa kimya dakika 30 mbele ya chombo kimoja. Saa moja iliyopangwa vizuri itawarudisha tena. Saa mbili zitawafukuza.

Vipande vya aina mbalimbali havimaanishi kimoja kutoka kila zama kama maonyesho ya makumbusho. Maana yake ni kwamba kila kipande kinabadilisha kitu kinachosikika: kasi, uzito, urefu, idadi ya sauti zinazoongea kwa pamoja. Chukua mfano huu, ambao piano ya hali ya kati inauweza:

Nusu ya kwanza
- Bach, Preludi na Fuga katika C ndogo, kutoka kitabu cha kwanza cha The Well-Tempered Clavier, cha mwaka 1722: dakika 3 hadi 4
- Beethoven, Sonata katika C ndogo, opus 13, iitwayo Pathétique: dakika 19 hivi
- Schubert, Impromptu opus 90 namba 3: dakika 6

Nusu ya pili
- Debussy, Clair de lune: dakika 5
- Vipande viwili au vitatu vya J. H. Kwabena Nketia: dakika 7 hivi
- Bartók, Ngoma za Kiromania, 1915: dakika 6
- Chopin, Baladi namba 1 katika G ndogo, opus 23: dakika 9 hadi 10

Sababu za mpangilio huu ndizo unazopaswa kujifunza, hata kama vipande vyako ni vingine kabisa.

Bach yuko mwanzo kwa sababu ni mfupi. Waliokwama foleni Selander au Ubungo wanasubiri mlangoni dakika nne tu, kisha wanaingia kabla sonata haijaanza. Pia anakupa nafasi ya kuzisikia funguo kabla ya kazi nzito. Fuga hiyo, ingawa iko katika C ndogo, ngazi yenye sauti ya giza, inamalizia kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya C kubwa, yenye mwanga. Halafu Beethoven anaingia na kodi nzito ya C ndogo, ileile nyumba lakini taa imezimwa. Hata mtu asiyejua nota hata moja atalihisi hilo kifuani.

Schubert anafunga nusu ya kwanza kwa utulivu. Wengi watakuambia malizia nusu ya kwanza kwa kishindo. Sikubaliani nao kwa jiji hili: baada ya Pathétique watu wanahitaji kushusha pumzi, na wimbo mrefu wa mkono wa kulia wa Schubert, ukipita juu ya mawimbi ya noti za kati, unawapeleka kwenye mapumziko wakiwa bado wanausikia.

Nusu ya pili inaanza na kile ambacho huenda wengine wanakifahamu. Kisha anakuja Nketia, mwanamuziki na mtaalamu wa Ghana aliyeishi kuanzia 1921 hadi 2019. Alitunga mkusanyo wa vipande 12 vya piano vinavyotokana na midundo ya Afrika Magharibi, katika njia ambayo Mnigeria Akin Euba aliipa jina la upiga piano wa Kiafrika. Hoja ya Euba ilikuwa kwamba piano, kwa kuwa nyundo zake zinagonga nyuzi, ni ndugu wa ngoma na marimba. Msikilizaji wa Dar aliyewahi kuisikia ilimba ya Wagogo hatahitaji maelezo: atasikia mikono miwili ikijibizana kwa midundo isiyolingana na atajua yuko wapi. Tafadhali usiviweke vipande vya Kiafrika mwishoni kama zawadi ndogo ya kufurahisha. Viweke katikati ya programu, vichukue uzito sawa na vingine. Ukikosa nota za Nketia, tazama mkusanyo wa nyimbo 24 wa Samuel Coleridge-Taylor wa mwaka 1905. Baba yake alitoka Sierra Leone, baadhi ya nyimbo hizo zina asili ya Afrika, na kazi hiyo ni huru.

Bartók amefuata kwa makusudi. Ngoma zake sita ni nyimbo za vijijini alizozikusanya, kwa hiyo zikikaa karibu na Nketia watu wanasikia watunzi wawili kutoka pande mbili za dunia wakifanya kazi moja. Kila ngoma ni fupi sana, na msikilizaji aliyeanza kuchoka anaamka. Chopin ndiye mlima wa mwisho. Kurasa za mwisho za baladi ile ni ngumu kwelikweli, na kama bado zinakushinda kwa kasi yake mwezi mmoja kabla, weka nokturni mbili, vile vipande vyake vya taratibu, mahali pake. Kipande rahisi kilichokomaa kinagusa watu kuliko kikubwa kinachopapaswa.

Umeona kwamba hakuna Liszt wa kasi kali hapo, wala kipande kinachotegemea noti za juu kabisa. Noti za juu ndizo zinazosumbua mapema kwenye piano zetu, na programu nzuri inajua kuziepuka bila mtu kugundua. Piano yako ikiwa bora kuliko hiyo, furahi na uongeze.

Mazoezi

Wiki sita za kwanza jifunze, sita za mwisho jizoeshe kupiga mbele za watu. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Kwa kila kipande chagua vituo, sehemu nane au kumi ambazo unaweza kuanzia bila kurudi mwanzo. Mtu akikutajia kituo cha sita, anza hapo hapo. Akili ikikatika jukwaani utarukia kituo kinachofuata na wengi hawatajua. Piga kwa nusu ya kasi kila siku, hata vipande unavyoviweza. Jirekodi kwa simu na usikilize kesho yake, si siku hiyohiyo. Kwenye daladala fungua nota na uzisome kimya, ukisikia kila sauti kichwani, maana kazi ya kukumbuka hufanyika vizuri mbali na piano.

Kupiga bila nota ni desturi iliyoletwa na kina Liszt na Clara Schumann. Si amri. Ukiona nota zinakutuliza, ziweke, tafuta mgeuza kurasa anayesoma muziki, na uzibane kwa vibanio kwa sababu ya feni.

Kisha tafuta wasikilizaji wa majaribio. Kwaya baada ya mazoezi ya jioni ni wasikilizaji wazuri mno: wanajua muziki, wanakupenda, na hawatakudanganya. Piga programu nzima mbele yao angalau mara mbili, ukiwa umevaa nguo na viatu vya siku yenyewe. Nguo iwe nyepesi mabegani. Koti zito la suti katika joto la Dar litakuchosha kabla ya Beethoven kuisha.

Na upate muda kwenye piano ya ukumbi wenyewe, hata kama ni saa moja asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa. Unayofanyia mazoezi nyumbani Sinza au Mbezi haina uzito uleule.

Fundi na unyevu

Ubao wa sauti ndani ya piano ni mbao nyembamba. Hewa ikiwa na maji mengi ubao unavimba, unasukuma nyuzi, na sauti inapanda, hasa noti za katikati. Kiyoyozi kikikausha chumba, zinashuka. Kinachoharibu tuni ni mabadiliko ya ghafla, kuliko joto au ubaridi wenyewe. Kwa hiyo kubaliana na mwenye ukumbi: siku ya onyesho kiyoyozi kiwashwe asubuhi kabla fundi hajaanza, na kiwango kisiguswe hadi watu watoke. Kama ukumbi hautumii kiyoyozi, basi fundi atuni bila kiyoyozi.

Kwa piano ya kusimama iliyojaa unyevu, dawa ya zamani ya nchi za joto ni balbu ndogo ya moto, wati 15 au 25, ikiwaka sehemu ya chini ndani ya piano, mbali na mbao na sufu, kwa wiki kadhaa. Balbu za LED hazifai kwa hili, hazitoi joto. Bora zaidi ni fimbo ya joto iliyotengenezwa kwa ajili ya piano, ukiipata. Funguo zilizokwama mara nyingi hujiachia zenyewe baada ya siku za ukavu huo.

Fundi aje mara mbili: wiki moja au mbili kabla, na asubuhi au mchana wa siku yenyewe. Mpe ile orodha yako ya daftarini. Mpe pia ukimya. Anayepanga viti asubiri fundi amalize.

Siku yenyewe

Weka piano ubavu kwa wasikilizaji, kifuniko kikifungukia upande wao, mkono wako wa kulia ukiwa upande wa watu. Zima feni za dari zilizo juu ya jukwaa: mapanga yake hukata sauti ikatetemeka. Taa za kuchaji mbili ziwe tayari, moja ikielekea kwenye funguo. Piano ya nyuzi haihitaji TANESCO, na umeme ukikatika katikati ya Debussy huna sababu ya kusimama ikiwa unaona mikono yako. Mwambie mtu mmoja mapema kwamba kazi yake ni taa hizo, na mwingine kwamba jenereta lisiwashwe hadi kipande kiishe.

Kitambaa cha pamba kikae ndani ya piano, cha kufutia mikono na funguo kati ya vipande. Kula mapema, chakula chepesi. Maji, si soda.

Zungumza na watu kwa Kiswahili, kwa ufupi, kabla ya vipande vikubwa tu. Kitu kama hiki kinatosha: "Mabibi na mabwana, karibuni sana, na poleni na foleni. Sasa mtasikia kazi ya Beethoven yenye sehemu tatu. Ya kwanza ina hasira, ya pili inaimba, ya tatu inakimbia. Naomba simu zipumzike kwa dakika ishirini." Usitoe mhadhara. Karatasi ya programu ibebe miaka na majina.

Watu watapiga makofi baada ya sehemu ya kwanza ya sonata, maana inaishia kwa nguvu. Waache. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahia kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake. Inamisha kichwa kidogo, subiri, endelea. Ukitaka ukimya kabla ya sehemu ya pili, acha mikono juu ya funguo, watu wataelewa. Kumkaripia msikilizaji anayeshangilia ni njia ya haraka ya kumpoteza.

Kutuza ni desturi yetu, na huenda shangazi mmoja akainuka na noti mkononi katikati ya nokturni. Mshereheshaji aseme mwanzoni, kwa heshima, kwamba kikapu kiko mlangoni na msanii atazipokea zawadi mwisho. Watoto wakaribishwe, wazazi wao wakae karibu na njia.

Kipande cha nyongeza uwe nacho tayari, kisizidi dakika tatu. Hapa ndipo pa wimbo wa pwani au utenzi wa kanisani ulioupangia piano mwenyewe. Upige kwa uzito uleule uliompa Chopin, kisha simama, shukuru, na usirudi tena.

Kabla ya kuondoka, futa funguo, funga kifuniko, zima kiyoyozi na urudishe balbu kama ilikuwapo. Mlipe fundi usiku huohuo. Kesho yake mpelekee mwenye ukumbi orodha ya kasoro za piano zilizobaki, ikiwa na namba ya kila ufunguo ukihesabu kutoka kushoto, ili atakayefuata aje na fundi akijua pa kuanzia.